“Wewe wa jezi ya Arsenal!” Kwa nini tunasaidia, na kwa nini tunapita tu

Ilikuwa Ijumaa jioni, saa kumi na mbili hivi, stejini kando ya Jogoo Road. Unaijua ile saa. Mvua inatishia kunyesha, nauli imepanda kutoka hamsini hadi mia, na kila mtu ameshika simu mkono mmoja na mkoba mkono wa pili akingojea matatu ipunguze mwendo ili aurukie mlango. Tulikuwa kama watu thelathini. Mzee mmoja aliyesimama karibu na kibanda cha M-Pesa akaanguka. Hakuteleza. Alianguka kama gunia, mikono na miguu ikaanza kutikisika, povu likamtoka mdomoni.

Nataka niwe mkweli, kwa hivyo nitakuambia nilichofanya. Sikufanya kitu. Nilipunguza muziki sikioni nikamtazama. Kisha nikafanya jambo ambalo limenisumbua tangu siku hiyo: nikawatazama wengine. Mwanamke mmoja wa mkoba mkubwa alikuwa anatazama. Makanga alikuwa anatazama. Vijana wawili wa boda walikuwa wanatazama, mmoja wao ameshaanza kurekodi. Nyuso zote zilikuwa tulivu. Nikajiambia, basi labda si jambo kubwa. Labda kuna mtu anamjua. Labda kuna mtu ameshapiga simu.

Sijui zilipita sekunde ngapi. Ghafla mama anayechoma mahindi ng’ambo ya mtaro akapaza sauti, akaninyooshea kile kipande cha kadibodi anachopepea makaa.

“Wewe! Wewe wa jezi ya Arsenal! Si ni wewe naongea na wewe? Kuja hapa umshike kichwa kisigonge lami!”

Nikaenda. Yaani miguu ilitangulia, akili ikafuata baadaye. Nikapiga magoti, nikaweka viganja chini ya kichwa cha mzee. Mama akavuka mtaro, akatuambia tusimbane kwa nguvu, na jamaa mmoja aliyekuwa anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni akafokewa hadi akarudi nyuma. (Mama alikuwa sahihi, na ulijue hili hata kama utasahau mengine yote: mtu akishikwa na kifafa usimtie kitu chochote mdomoni. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, na ukiona dakika tano zimepita bila kukoma, tafuta ambulensi.)

Sasa hapa ndipo mambo yalinishangaza. Mara tu nilipopiga magoti, watu sita wakaja. Yule kijana wa kurekodi aliweka simu mfukoni, akavua koti, akalikunja likawa mto. Mwanamke wa mkoba akatoa chupa ya maji na kitambaa. Makanga akaanza kufukuza watazamaji, “Mpeeni hewa! Mpeeni hewa!” kama mtu aliyekuwa anangojea kazi hiyo tangu asubuhi. Baada ya dakika chache mzee alikuwa ameketi, macho yamelegea, anaona haya, anaulizia kofia yake.

Nikarudi nyumbani na vumbi magotini na swali moja kichwani. Mimi wa kabla ya kuitwa na mimi wa baada ya kuitwa tulikuwa mtu mmoja. Roho ile ile, malezi yale yale. Nini kilibadilika?

Ilibidi nianze kusoma. Sina digrii ya saikolojia. Kwa kweli sina digrii ya kitu chochote, na nitakuambia kwa nini baadaye kidogo, manake inahusiana. Lakini data ya simu ninayo, na nilichokipata kimenifanya niwaone watu wa hii Nairobi kwa jicho lingine.

Utafiti wa jambo hili ulianza na mauaji. Machi 13, 1964, usiku wa manane, mwanamke wa miaka 28 kwa jina Kitty Genovese aliuawa kwa kisu karibu na nyumba yake katika mtaa wa Queens, jijini New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likaandika kwamba majirani 38 walishuhudia na hakuna hata mmoja aliyepigia polisi simu alipokuwa akishambuliwa. Marekani nzima ikashika kichwa. Wahubiri wakahubiri, wahariri wakalia kwamba mji mkubwa unaua utu.

Shida ni kwamba habari yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa. Wengi wa hao 38 hawakuona kitu. Walisikia kelele tu wakiwa nusu usingizini. Kuna mwanamume aliyefungua dirisha akamfokea mshambuliaji, naye akatoroka kwa muda kabla ya kurudi. Na kuna jirani, mwanamke, aliyeshuka ngazi usiku huo bila kujua kama muuaji bado yuko pale, akamkumbatia Kitty hadi ambulensi ilipofika. Huyo hakuandikwa. Ilipofika 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba lilikuwa limetia chumvi. Miaka 52 baadaye! Hebu fikiria video ngapi za “Wakenya hawana utu” umesambaza bila kujua kilichotokea kabla kamera haijawashwa na baada ya kuzimwa.

Lakini kutoka kwa habari hiyo mbovu kulizaliwa sayansi nzuri. Wanasaikolojia wawili waliokuwa wakifundisha jijini humo, Bibb Latané na John Darley, hawakuridhika na jibu la “watu wa mjini ni wabaya.” Walijiuliza kitu kingine: je, ikiwa ule wingi wa watu ndio uliosababisha shida?

Wakaita wanafunzi wa chuo, kila mmoja akafungiwa chumba chake, wakawa wanazungumza kwa vipaza sauti kuhusu maisha ya chuoni. Katikati ya mazungumzo mmoja wao anaanza kushikwa na kifafa. Anagugumia, anaomba msaada, anasema anakufa. (Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, lakini wao hawakujua.) Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Kifafa, bana. Kama mzee wangu wa Jogoo Road.

Matokeo yao ya 1968 ni haya. Mwanafunzi aliyeamini kwamba ni yeye peke yake anayesikia, asilimia 85 walitoka chumbani kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Aliyedhani kuna mwingine mmoja anayesikia pia, wakashuka hadi asilimia 62. Aliyedhani kuna wengine wanne, asilimia 31.

Soma tena hizo namba. Hakuna aliyebadilisha roho ya hao wanafunzi. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliodhani wako nao. Mzigo wa kusaidia, ukiubeba peke yako, ni wako wote. Mkiwa watano, kila mmoja anajikatia kipande chake, na kipande cha tano ni kidogo, unaweza kukiacha chini ukaenda zako bila kuona kama umetupa kitu.

Na wale ambao hawakutoka? Huenda unafikiri walikuwa wameketi wakicheza na kucha. Hapana. Mtafiti alipoingia chumbani aliwakuta wengi wakitetemeka mikono, viganja vimelowa jasho, wakiuliza, “Yule yuko sawa? Amesaidiwa?” Walikuwa bado wanaamua. Nakuapia, hicho ndicho nilichokihisi stejini. Mtu angenitazama angesema huyu kijana hana haja. Ndani yangu moyo ulikuwa unapiga ngoma.

Hapo ndipo shida ya pili inaingia, ile ya nyuso. Watafiti hao hao waliwaweka watu kwenye chumba wajaze fomu, kisha wakapuliza moshi kupitia tundu ukutani. Aliyekuwa peke yake, kwa kawaida alitoka kwenda kuripoti. Watu watatu kati ya wanne walifanya hivyo. Lakini ukimweka na wengine wawili walioelezwa mapema wajifanye hawaoni chochote, ni mmoja tu kati ya kumi aliyeripoti. Waliobaki walikohoa, wakajipangusa macho, wakafukuza moshi kwa mkono, wakaendelea kujaza fomu. Wakicheka, cheka nao, manake sisi tunafanya hivyo kila siku. Nairobi inakufundisha uso wa “sijaona kitu” kabla hata haijakufundisha kuvuka barabara. Kila mtu anauvaa. Kisha kila mtu anatazama uso wa mwenzake ili ajue kama kuna hatari, anaona utulivu, anatulia. Watu thelathini wenye wasiwasi, na kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Halafu kuna haraka. Hili la haraka liliniuma zaidi, labda kwa sababu nimelelewa kanisani. Mwaka 1973 Darley, sasa akiwa na mwenzake Daniel Batson, alichapisha jaribio alilofanya kwa wanafunzi wa theolojia huko Princeton. Hawa ni watu wanaosomea uchungaji. Baadhi waliambiwa waende jengo la pili wakatoe hotuba fupi kuhusu Msamaria Mwema. Ndiyo, yule yule wa Injili ya Luka. Njiani, mlangoni, kuna mtu ameinama, macho amefumba, anakohoa na kuguna. Nani atasimama?

Watafiti walichochezea ni muda tu. Walioambiwa wana nafasi, asilimia 63 walisimama kusaidia. Walioambiwa wafike kwa wakati, 45. Walioambiwa “umechelewa, wanakungoja,” asilimia 10. Kuwa na Msamaria Mwema kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kuna waliomruka mgonjwa ili wawahi kwenda kuhubiri kuhusu mtu aliyesimama kumsaidia mgonjwa.

Sasa tuambiane, katika mji huu nani hana haraka? Hata asiye na kazi ana haraka. Ukimwona mtu anatembea pole pole Moi Avenue unashika mfuko wako.

Najua unachotaka kuniambia. “Wewe blogu-blogu, hao wa Princeton hawajawahi kuishi Eastlands.” Ni kweli. Sisi tuna hesabu zetu. Ukimwinua mtu unajiuliza kama ni mgonjwa au ni mtego na mwenzake anakungojea uiname achomoe simu. Ukimpeleka hospitalini, utaulizwa wewe ni nani wake na nani analipa. Ukishuhudia ajali unaogopa kuandikisha taarifa kituoni, kisha uitwe mahakamani mara sita kesi ikiahirishwa. Hizo si visingizio. Mtu akipima gharama ya kusaidia kabla ya kusaidia, hiyo haimfanyi kuwa shetani, na mimi sitakudanganya kwamba gharama hazipo.

Lakini subiri. Kuna utafiti mwingine wa juzi juzi, wa 2019, ambao haukufanywa kwa wanafunzi wala kwa sauti za kurekodiwa. Watafiti walitazama kanda za kamera za barabarani kutoka miji mitatu: Amsterdam ya Uholanzi, Lancaster ya Uingereza na Cape Town ya Afrika Kusini. Ugomvi 219 wa kweli, watu wa kweli, ngumi za kweli. Katika visa tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati. Alitenganisha, alimvuta mmoja kando, alimkumbatia aliyepigwa. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa mmoja wao kuingilia ulivyopanda. Cape Town, mji ambao ukisikia habari zake unafunga mlango mara mbili, haikuwa tofauti na ile miwili ya Ulaya.

Inaonekana kama inapingana na Latané na Darley, sivyo? Mimi naona zinaweza kukaa pamoja. Mtu mmoja mmoja ndani ya umati anaweza kulegea, lakini umati ukiwa mkubwa kuna nafasi kubwa zaidi ya kuwa na yule mama wa mahindi. Na akishajitokeza mmoja, wengine wanafunguka kama foleni ya Githurai polisi wakiondoka.

Ukitaka ushahidi wa hapa nyumbani, waulize wazee wako kuhusu Agosti 7, 1998, siku bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani katikati ya jiji. Watu walichimba vifusi kwa mikono. Au Septemba 2013, Westgate bado ikiwa imezingirwa, Wakenya walipanga foleni Uhuru Park kutoa damu kwa watu wasiowajua majina. Mwaka 2011 ukame ulipouma kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kuchanga Sh500 milioni na ikalipita lengo, watu wakituma mia mia kwa simu. Shirika la CAF la Uingereza, linalopima ukarimu wa nchi mbalimbali kila mwaka, liliiweka Kenya nambari mbili duniani mwaka 2022 na tena 2024, nyuma ya Indonesia. Nambari mbili. Mbele ya nchi ambazo mshahara wao wa wiki ni kodi yako ya mwaka.

Kwa hivyo utu upo. Swali ni nini huuamsha.

Wanafalsafa wamegombana juu ya hili kwa karne nyingi. Kuna wanaosema hakuna msaada wa bure. Unasaidia ili usiendelee kuhisi vibaya, au ili uonekane. Thomas Hobbes, yule mfalsafa Mwingereza aliyeamini binadamu ni mbinafsi hadi kwenye mifupa, inasimuliwa kwamba siku moja alimpa mwombaji pesa, na alipoulizwa kwa nini akajibu kwamba kumsaidia maskini kulimpunguzia yeye mwenyewe uchungu wa kumwona. Jibu la ujanja, na ukilifikiria ni gumu kulipinga.

Daniel Batson, yule wa Princeton, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kujaribu kulipinga. Aliwaonyesha wanafunzi msichana aitwaye Elaine akipigwa na umeme kidogo kidogo (alikuwa mwigizaji, tulia), kisha akawapa nafasi ya kuchukua zamu yake. Baadhi waliruhusiwa kuondoka mapema bila kuendelea kutazama. Ikiwa Hobbes ana haki, mlango ukiwa wazi kila mtu anatoka; ukitoka huoni, usipoona huumii. Wasiomhisi Elaine kama mwenzao walitoka, wengi wao. Lakini waliomwona kama mtu anayefanana nao walibaki, mlango wazi hivyo hivyo, wakasema nipigeni mimi. Hilo jaribio ni la 1981 na bado watu wanabishana nalo, lakini mimi limenishika.

Na kuna watoto. Huko Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba mtoto wa miezi 18, ambaye bado anavaa nepi, akimwona mtu mzima asiyemjua amebeba vitu mikono yote miwili anashindwa kufungua kabati, anajikokota hadi pale na kumfungulia. Hakuombwa, hakuahidiwa peremende. Baadaye wakagundua kwamba ukianza kumzawadia mtoto kila anaposaidia, hamu ya kusaidia inapungua. Fikiria juu ya hilo unapofungua kamera ili kumpa chokoraa mkate.

Sasa nirudi kwa ile digrii.

Nilikuwa mwaka wa tatu, muhula wa pili, salio la karo Sh38,000. Mtihani ulikuwa wiki tatu mbele na bila kulipa huingii ukumbini. Mama akaandika ujumbe kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo. Tuko watu 114 humo ndani. Ujumbe ulikuwa wa heshima sana: “Wapendwa, tunawaomba mtusaidie kumalizia karo ya kijana wetu, chochote ulicho nacho, Mungu awabariki.” Alama mbili za buluu zikajaa. Watu wakasoma. Mikono ya maombi ikamiminika. “Tuko pamoja.” “Mungu atatenda.” Waliotuma pesa ni wanne, jumla Sh4,300. Mtihani ukapita bila mimi, muhula uliofuata sikurudi.

Kwa muda mrefu niliwachukia hao watu 110. Niliwahesabu majina. Nilikuwa nikienda harusini nawatazama wakila pilau nasema moyoni, huyu ana duka, huyu ana ploti Ruai, huyu mwanawe yuko Qatar.

Mwezi uo huo katika grupu ya wale tuliosoma nao sekondari, mtoto wa mwenzetu alilazwa. Mambo yalienda tofauti kabisa. Admini aliweka picha ya mtoto, jina lake, kitanda alicholala na salio la hospitali. Kisha akaweka orodha. Unaijua hiyo orodha. Jina lako limeshaandikwa, mbele yake nafasi wazi, na kila mtu akituma, orodha inanakiliwa upya na tiki ya kijani. Kijana wa kwanza aliweka Sh1,000, na hapo aliyekuwa anapanga kuweka mia mbili akaona aibu. Kufikia saa nne usiku, aliyebaki bila tiki alipigiwa simu. Nilituma 500 nikiwa sina karo. Bili ikalipwa kwa siku mbili.

Leo naelewa kwa nini. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic waliwapa watu dola tano kwa kazi ndogo waliyofanya, kisha wakawaomba wachangie vita dhidi ya njaa barani Afrika. Waliosomewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa wastani wa dola 1.14. Walioonyeshwa mtoto mmoja wa kike wa Mali aitwaye Rokia walitoa 2.38. Na waliopewa Rokia pamoja na takwimu? Walishuka hadi 1.43. Takwimu zilimzika mtoto. Moyo hauna kikokotoo. Unaona uso mmoja, jina moja, na hapo unafunguka.

Mimi katika ile grupu ya ukoo sikuwa na uso. Nilikuwa “kijana wetu.” Na mama hakumwomba mtu, aliwaomba watu. Ni kama mzee ameanguka mbele ya watu 114 na wote wanasomana nyuso.

Nilihakikisha mwaka jana, kwenye mazishi ya nyanya. Mjomba wangu mmoja, yule wa lori, alikuwa ameketi nami chini ya mparachichi tukingoja jeneza. Akaniuliza chuo nilimaliza lini. Nikamwambia sikumaliza, nikamwambia na kwa nini. Alinyamaza akinitazama kama nimemtukana.

“Lakini ile pesa ililipwa,” akasema. “Mimi nilijua shangazi zako wamelipa.”

“Hawakulipa, mjomba. Kila mtu alijua mwingine amelipa.”

Akatoa kofia, akaikunja, akaivaa tena. “Sasa wewe kijana, mbona hukunipigia mimi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya miaka mitatu na yote yakayeyuka, manake niliona hakuwa anajitetea. Aliumia. Angetoa. Lori au si lori, angetafuta.

Kwa hivyo siku ikikukuta wewe, uko chini kwenye lami au uko chini kimaisha, usipige kelele kwa hewani. Chagua mtu. Mtaje kwa nguo aliyovaa kama humjui jina. Mpe kazi moja inayojulikana mwanzo na mwisho: “Wewe wa kibeti cha buluu, piga 1199 uite ambulensi ya Msalaba Mwekundu.” “Wewe wa ovaroli, simamisha magari.” Ukiwa ni wewe unayetazama, usisubiri kusoma uso wa jirani yako, kwa sababu naye anausoma wako. Na ukiogopa mtego, huna lazima ya kugusa mtu. Unaweza kuita, kupiga simu, kumnyooshea kijana wa Arsenal kadibodi.

Kuhusu karo, naomba usiache kutumia grupu. Orodha ya tiki nayo ni dawa. Lakini baada ya kuweka ujumbe, piga simu. Moja, kisha nyingine. Ni ngumu, najua. Kuandikia watu 114 hakuumizi kwa sababu hakuna anayekukataa uso kwa uso. Kumpigia mtu mmoja ni kumpa nafasi ya kusema hapana, na sisi vijana tunaiogopa hiyo hapana kuliko njaa. Mama yangu aliiogopa. Mimi pia.

Mwezi uliopita binamu yangu, msichana mdogo anayesomea ufundi wa umeme, alikwama na salio la Sh18,500. Ujumbe ukaja kwa grupu ile ile, kwa heshima ile ile. Nilihesabu: mikono ya maombi tisa, pesa sufuri. Nikatuma elfu mbili zangu. Kisha nikakaa na simu mkononi kama dakika kumi hivi, nikiangalia jina la mjomba, nikitafuta maneno.

Aliishika ilipolia mara ya pili. Nilisikia injini ya lori na redio.

“Mjomba, uko salama? Ni kuhusu karo ya yule msichana. Nimeona ujumbe umefika kwa grupu, lakini nakupigia wewe.”

Redio ikazimwa.

“Imebaki ngapi?”